Kidonge cha Jioni: Maisha ya Onésime Kakule (1966–2025)

Onésime Kakule, ambaye leo tunamsindikiza kwenye pumziko lake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Musienene, karibu na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini. Kwa watu wa kwao jina Kakule lenyewe linatosha kueleza: ni mtoto wa nne wa kiume. Baba yake, mzee Paluku, alilima viazi na vitunguu. Mama yake, Kavira, alivibeba hadi sokoni. Mama huyo, alipokuja Lubumbashi kuwaona wajukuu, alisimulia kwamba Onésime alipokuwa mdogo, ukimpa ndizi hakuila kabla hajapata mtu wa kumkatia nusu. Asipomwona mtu, alimkatia mbuzi. Nyumbani walicheka na kumsifu, na hakuna aliyeona haja ya kumfundisha kwamba kuna vitu visivyogawanywa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 na kuimaliza 1978. Sekondari alisoma miaka miwili tu, kwa sababu baba yake alifariki mwezi wa Juni 1980 na mama akabaki na mashamba peke yake. Kifaransa alikisoma kwa kufuatisha kidole mpaka mwisho wa maisha yake, wala hakuona haya. Watoto wake aliwaambia kwamba neno wasilolijua wasiliruke, waulize. Shauri hilo lilikuwa zuri, na familia inasikitika kwamba siku alipolihitaji zaidi, yeye mwenyewe alilisahau.

Mwaka 1988 alishuka Katanga pamoja na mjomba wake aliyeuza maharage kwa jumla. Alianza kama msaidizi wa lori, akapata ruhusa ya kuendesha mwaka 1990, na tangu hapo hadi 2006 alifanya kazi kwenye barabara ya Lubumbashi, Kasomeno na Kasenga. Alipeleka chumvi, sabuni na sukari, akarudi na samaki wakavu. Wakati wa mvua barabara ile ilikuwa matope matupu, na madereva wa huko walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: humpiti mwenzako aliyekwama. Akiwa ameishiwa mazutu, yaani dizeli, unasimama, unafungua tangi lako, unaingiza mpira, unavuta kwa mdomo mpaka mazutu yaje, kisha mnagawana nusu kwa nusu, hata kama nusu hiyo haitamfikisha yeyote kati yenu. Dereva aliyepita bila kusimama, habari zake zilifika Kasenga kabla yake, na huko alikula peke yake.

Ndivyo alivyokutana na marehemu Chola. Mvua za mwaka 1991 zilimkamata Onésime njiani kabla ya Kasomeno, tangi likiwa kavu. Chola alitokea nyuma yake, akasimama, akavuta mazutu kwa mdomo, akatema, akamwambia, “Karibu kwa Babemba, mulamu. Huku hatuachaka muntu pa njia.” Mulamu maana yake shemeji. Onésime akamjibu kwamba yeye hana mke, wala wa Kibemba wala wa kabila lingine. Chola akasema hilo si jambo, mke atapatikana, shemeji ndiye wa kutangulia. Tangu siku hiyo waliitana mulamu mpaka kifo kilipowatenganisha.

Mke alipatikana kweli, na kwa Babemba. Benita Chanda alikuwa akiuza unga na mafuta kule Mokambo, penye mpaka na Zambia. Onésime alipelekwa huko mara moja tu na mzigo wa mjomba, lakini baada ya hapo kila mtu alishangaa jinsi lori lake lilivyokuwa likipata matatizo Mokambo. Siku ya kupeleka mahari, wazee wakiwa wameketi na maneno yakiwa yamepamba moto, gari la mjomba wa Benita liliwashwa nje. Onésime aligeuza kichwa. Chola, aliyekuwa msemaji wake, alimkanyaga mguu, lakini haikusaidia kitu: bwana harusi alitoka, akavua koti, akaingia chini ya gari na suruali yake mpya. Aliporudi na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko, aliwaambia wazee kwa heshima kwamba gari hilo halijafanyiwa antretien, yaani matunzo ya kawaida, tangu linunuliwe, na kwamba litamwacha mzee njiani. Mjomba wa Benita alisema wampe binti haraka kabla hajafungua na paa la nyumba. Walifunga ndoa kanisani Lubumbashi siku ya Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1995. Mungu aliwajalia watoto watatu: Lévi, Mwansa na Nathanaël.

Mwaka 2007 aliacha barabara, akafungua garaje yake katika mtaa wa Kampemba. Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu: ANTRETIEN KWANZA. Lévi alipokua na kumwambia kwamba neno hilo haliandikwi hivyo, alijibu kwamba injini hazijalalamika. Imani yake ya kazi ilikuwa hiyo moja. Gari likishaharibika, alisema, fundi yeyote atalitengeneza. Kazi ya kweli ni kuligusa wakati bado linatembea vizuri na mwenyewe anaona unamsumbua. Vijana wengi waliojifunza ufundi mikononi mwake wapo hapa leo.

Kikohozi kilianza mvua za kwanza za mwaka 2021. Alitibiwa malaria, akatibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho, na mwezi wa Machi 2022 picha ikaonyesha kansa kwenye pafu la kulia. Haikuweza kupasuliwa. Kati ya Mei na Agosti mwaka huo alikaa Lusaka akipata dawa za mishipani na mionzi, Benita akiwa pembeni yake muda wote. Alirudi amekonda, hana nywele, lakini picha mpya ilionyesha uvimbe umepungua na kutulia.

Daktari aliyemfuatilia hapa mjini alikuwa Daktari Najma, binti wa familia ya Kiislamu ya Maniema iliyokaa Kamalondo tangu zamani. Aliwaita Onésime na Benita, akawaeleza kwa Kiswahili chao, bila haraka. Ugonjwa huu, alisema, baada ya matibabu ya kwanza mara nyingi haufi, unalala tu, na siku moja unaamka na kuenea. Waganga wa hospitali za nchi mbalimbali wanajaribu vidonge vipya ili wajue kama vinaweza kuuzuia usiamke, au walau kuuchelewesha. Hakuna anayejua bado. Ndiyo maana wanajaribu. Matibabu ya namna hiyo, yanayotolewa mgonjwa akiwa bado anatembea vizuri, kwa Kifaransa yanaitwa matibabu ya antretien.

Onésime alicheka kwa mara ya kwanza tangu Lusaka. “Docta, ungelianza kusema vile. Antretien njo kazi yangu.”

Daktari Najma hakutaka acheke haraka. Alimweleza kwamba wagonjwa watagawanywa kwa bahati, na kwamba nusu yao watapewa kidonge chenye dawa, nusu nyingine kidonge kinachofanana nacho lakini ndani hakina dawa. Mgonjwa hatajua amepata kipi. Benita aliyakazia macho makabrasha ya majaribio yaliyokuwa mezani, hakuyapenda. Onésime alifikiri kidogo, kisha akauliza, “Sasa weye mwenyewe, docta, hautajua nani iko na mazutu na nani iko na maji?”

“Sitajua, papa. Kama najua, nitaanza kuona yenye napenda kuona.”

Jibu hilo lilimridhisha kuliko maelezo yote. Alitia sahihi Jumatatu, tarehe 6 Februari 2023, akarudi nyumbani na boksi lake. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Wakati huo Chola naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule. Kwa nini watu wawili wa barabara moja, waganga hawakuweza kusema. Inaweza kuwa vumbi, inaweza kuwa moshi wa injini, na Chola alikuwa mvutaji. Yeye pia alikuwa ametibiwa Lusaka, miezi michache baada ya rafiki yake, na walikuwa wamepanga kuingia katika majaribio hayo pamoja. Lakini Chola alipopimwa, walimkatalia. Daktari Najma alimweleza kwamba ini lake limechoka na kwamba dawa isiyojulikana bado inaweza kumdhuru, na akampangia tarehe za kuja kuangaliwa bila vidonge. Chola alifika garaje, akaketi juu ya tairi, akasema, “Damu yangu banaikatala, mulamu. Sawa pasipoti ya bongo.” Bongo, kwa Kiswahili cha huku, ni uongo: alitaka kuchekesha, ila sauti haikumfuata.

Hapo ndipo Onésime alipaswa kuuliza. Hakuuliza kwa nini ini linazuia mtu kupewa dawa. Alichoona mbele yake ni mwenzake aliyekwama njiani, na yeye ana tangi. Alifungua boksi.

Wakapatana hivi: kidonge cha asubuhi ni cha Onésime, cha jioni ni cha Chola. Kila siku jua likielekea kuzama Chola alipita garaje, wakamwaga maji kwenye vikombe viwili vya plastiki, mmoja akameza kidonge na mwingine akanywa maji matupu ili asimwache mwenzake anywe peke yake. Waliongea habari za barabara, za madaraja yaliyobomoka, za madereva waliokufa na walio hai. Kisha Chola alirudi kwake. Kila boksi liliisha kwa wakati wake, na hospitalini hakuna aliyeshuku kitu.

Benita alishuku. Yeye ni mtu wa kuona. Aliona kwamba mume wake hamezi tena kidonge cha jioni nyumbani, na alipouliza aliambiwa kimeshamezwa garaje. Aliona vikombe viwili vimeoshwa na kufunikwa juu ya sanduku la vifaa kule garaje. Akajumlisha alichoona, akapata jibu, na jibu lake lilikuwa lutuku: wanaume wawili, wagonjwa wa mapafu, wanakunywa pombe kali kwa siri. Alisema nyumbani, hakusikilizwa, akaenda kusema kwa shemasi wa kanisa. Shemasi alikuja na Biblia yake, akamweleza Onésime kwa muda mrefu kwamba mwili ni hekalu. Onésime alisikiliza ameinamisha kichwa, akashukuru, akaahidi kupunguza. Mtu ambaye hakunywa pombe tangu siku ya harusi yake alikubali kuitwa mlevi mbele ya kanisa, na mke wake akaona aibu kwa kosa ambalo halikuwepo, huku lililokuwepo akiliruka kila siku anapokusanya vikombe.

Mwezi wa Julai 2023 kikohozi cha Chola kilirudi. Daktari Najma alimpiga picha, akamwambia ugonjwa umeamka, arudi Lusaka mara moja, bado kuna dawa za mishipani za kujaribu na zisisubiri. Jioni hiyo Chola aliyaleta maneno hayo garaje. Alikuwa anaogopa Lusaka. Ile mara ya kwanza ilikuwa imemtesa sana. Alimuuliza mulamu wake afanye nini.

Onésime alimjibu, “Ngoja kwanza. Dawa iko inafanya kazi. Lusaka haitakimbia.”

Chola alingoja. Agosti ikapita, na Septemba. Mwezi wa Oktoba macho yake yaligeuka manjano, akalazwa. Waganga walimuuliza kama kuna kitu chochote anameza, hata cha mitishamba, kwa sababu ini lake lilikuwa linaharibika. Alisema hapana. Onésime alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda, ameshika termosi ya chai. Alifungua mdomo, na Chola akamtazama. Waganga walipotoka, Chola alimwambia kwa sauti ya chini, “Ukisema, batakufukuza. Tutabakia bote babili pa njia. Nyamaza, mulamu.” Onésime akanyamaza.

Chola alifariki Jumapili, tarehe 19 Novemba 2023. Kwenye kilio Onésime alitengeneza mashine ya umeme, akasomba viti, akapokea wageni getini, lakini ndani hakuingia na chakula hakugusa. Watu walimwambia Mutale, mjane wa Chola, kwamba rafiki kama huyu siku hizi hapatikani. Mutale alimtumia sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki hapo getini. Aliirudisha kama ilivyokuja. Usingizi ulimwacha tangu siku zile. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba amemlisha rafiki yake sumu, kidonge kimoja kila jioni.

Tarehe 15 Januari 2024 alikwenda hospitalini kuangaliwa, Benita akiwa naye. Daktari Najma alikuwa na furaha. Picha ilikuwa nzuri, uvimbe haujasogea. Alimwambia kwamba majibu yake, yakiunganishwa na ya wagonjwa wengine, yatasaidia watu ambao hawatamjua kamwe. Onésime aliitazama picha ile iliyowashwa ukutani, pafu lake lote likiwa wazi mbele ya wanawake wawili, akasema, “Docta, hii futa. Iko ya bongo.”

Akasema yote. Alisema habari za vidonge, za vikombe, za maneno aliyomwambia Chola mwezi wa Julai, za termosi ya chai. Benita alisikia kwa mara ya kwanza, kwenye kiti cha hospitali, kile alichokuwa akikiita lutuku. Daktari Najma aliizima taa ya picha. Hakupiga kelele. Alimwambia kwamba alichofanya ni kibaya, kwamba yeye kama mganga analazimika kukitangaza kwa wakubwa wa majaribio, na kwamba hatapata vidonge tena. Kisha akasema jambo lingine: kwa kuwa mtu amekufa, boksi litafunguliwa siri yake, ijulikane ndani mlikuwa na nini. Onésime aliomba msamaha kwake. Yeye akasema anayepaswa kuombwa hayuko katika chumba hiki.

Njiani kurudi, Benita naye alimwomba mume wake msamaha kwa habari ya lutuku na shemasi. Onésime alisema hilo lilikuwa jepesi, na kwamba kuna siku alitamani lingekuwa kweli.

Jibu lilikuja mwanzoni mwa mwezi wa Machi. Daktari Najma aliwaita, akawaambia kwamba boksi la Onésime lilikuwa la vile vidonge visivyo na dawa. Tangu siku ya kwanza. Chola hakumeza sumu. Ini lake liliharibiwa na ugonjwa wenyewe uliokuwa umefika huko.

Benita alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wauguzi wakachungulia mlangoni. Alimshika mume wake mabega, akamwambia mzigo umetoka. Lakini Onésime alikuwa ameketi vilevile, na uso wake ulikuwa mbaya kuliko walipoingia. Kwa sauti ndogo alisema kwamba kama ingekuwa dawa, angalau angekuwa amempa rafiki yake dawa. Sasa ameelewa alichompa. Alimpa maji, akamwambia ni mazutu, na kwa ajili ya maji hayo akamwambia asiende Lusaka. Daktari Najma alimwambia kweli bila kuipamba: hakuna anayejua kama Lusaka ingemwokoa Chola. Ingeweza kumpa miezi. Ingeweza kutompa kitu. “Kutojua, papa,” alisema, “njo utabeba.”

Wiki hiyohiyo Onésime alikwenda kwa Mutale, peke yake, kwa miguu. Alimkuta uani anachekecha unga. Hakukubali kiti. Alimweleza akiwa amesimama, kuanzia mwanzo, na Mutale hakuacha kuchekecha mpaka alipofika kwenye mwezi wa Julai. Hapo mikono ilisimama.

“Njo weye ulimwambia angoje?”

“Njo miye, mama.”

“Nilimubembeleza aende. Usiku na muchana. Alinijibu Lusaka haitakimbia.” Mutale aliyatazama maneno hayo kama mtu anayeona kitu chake kwenye nyumba ya mwingine. “Kumbe hayakuwa yake.”

Onésime alimwomba msamaha. Mutale alisema, “Leo hapana, Baba Lévi,” akamwomba arudi kwake.

Mwezi wa Juni 2024 ugonjwa wa Onésime nao uliamka. Alirudi Lusaka kuanzia Agosti hadi Oktoba, akarudi na nguvu kidogo ambazo hazikudumu. Ilipofika Januari mwaka huu hakuweza tena kutoka nyumbani. Jumamosi moja Mutale aligonga geti. Benita alifungua, akaziba njia, kwa maana alidhani amekuja kugomba na mtu anayekufa. Mutale alikuwa amebeba sufuria ya supu ya samaki. Aliingia chumbani, akamketisha Onésime, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akaosha sufuria yake, akainuka. Onésime alimuuliza kwa macho tu. “Leo hapana,” Mutale akasema. “Nitarudia.”

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Siku nyingine walizungumza habari za Chola, na hata walicheka, hasa ile habari ya mahari na suruali mpya, ambayo Mutale alikuwa ameisikia kwa namna tofauti kabisa: katika simulizi ya Chola, aliyeingia chini ya gari ni Chola. Siku nyingine alimgeuza tu, akambadilishia shuka pamoja na Benita. Kila alipoondoka alisema yale yale. Benita aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni aliyachukia maneno hayo. Alimwambia mume wake kwamba mwanamke huyu anamtesa. Onésime alimkatalia. Alisema Mutale ndiye mtu pekee anayempima kwa haki, na kwamba yeye hakuomba kuhurumiwa, aliomba kusamehewa, na hivyo ni vitu viwili.

Kabla ya Pasaka aliwaita Benita na Lévi, akawapa agizo kuhusu maneno haya yanayosomwa leo. Alijua mambo yanayosemwa makaburini. “Musiseme tu kama nilikuwa muntu wa kusaidia bantu,” alisema. “Museme na nani nilimusaidia mubaya.” Benita alikataa. Alisema marehemu hawekwi uchi mbele ya watu, na watoto bado wataishi katika mji huu. Walibishana siku kadhaa, Onésime akiwa hana pumzi ya kumaliza sentensi. Mwisho alimwambia kwamba yeyote atakayeingia katika majaribio ya dawa, akiwa na ndugu anayekohoa nyumbani, asikie habari hii kabla ya kufungua boksi. Benita alishindwa. Familia imetii, na inaomba radhi kwa wale ambao masikio yao yameumia. Daktari Najma, aliye pamoja nasi hapa, ametuambia kwamba majaribio yanaendelea, majibu yake bado hayajulikani, na kwamba tangu siku ile kila mgonjwa mpya anaulizwa kwanza nyumbani kwake kuna nani mwingine mgonjwa.

Onésime Kakule alifariki nyumbani kwake, Kampemba, asubuhi ya Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Usiku aliulizia kama kesho ni Jumamosi. Aliambiwa ndiyo.

Mutale alifika na sufuria yake kama kawaida, akakuta geti limefunguliwa wazi na watu wanalia. Kisha aliweka sufuria chini, akavua viatu, akapita mbele ya viti vya wageni, akaingia ndani ambako wanawake wa familia huketi chini, akaketi kando ya Benita. Binamu mmoja aliyetoka Butembo, ambaye hakumjua, alimwambia kwa adabu kwamba wageni wanapokelewa nje. Mutale alijibu, “Niko pa nafasi yangu.” Hajaondoka hapo tangu siku hiyo.

Jana, walipokuwa wakipanga majina ya walioachwa ili yachapwe, Mutale aliomba asomewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Na miye munaniandika wapi?” Benita alimuuliza kama basi amemsamehe. Mutale alitikisa kichwa, akasema hajui, lakini aandikwe.

Marehemu anaacha mjane, Benita Chanda. Watoto watatu, Lévi, Mwansa na Nathanaël. Mkwe mmoja na wajukuu wawili. Mama yake mzazi, Kavira, aliye Musienene na ambaye umri haukumruhusu kusafiri. Ndugu zake wawili wa Butembo. Mafundi wote wa garaje yake. Na Mutale, mjane wa Chola.

Mungu aliyewaona mulamu wale wawili njiani awapokee, na Onésime apate pumziko la amani.